Gurudumu linapata moto, pedi mpya hazijasaidia

SWALI: Corolla yangu, gurudumu la mbele kulia linapata moto hadi linatoa harufu ya kuungua, na gari linavutia kulia. Nimebadilisha pedi mara mbili. Sasa naambiwa ninunue kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) nyingine. Haitengenezeki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kalipa nyingi zinatengenezeka, ila kwanza hakikisha kosa liko huko. Inua gari, weka stendi (jeki peke yake haitoshi), kanyaga breki uachie, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nipo ya kutolea upepo nusu mzunguko. Likiachia hapo hapo, presha ilikuwa imenaswa: mara nyingi hozi ya mpira imevimba ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi. Badilisha hozi, kalipa iache. Likiendelea kushika, fungua kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hozi.

Tazama pedi. Ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, anza na pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Zichomoe, ondoa kutu, paka grisi ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha mipira ya pini, na baada ya muda pini zinakwama upya.

Pini zikiteleza vizuri, ni pistoni, ile inayosukuma pedi. Itoe kabla hujafungua hozi: weka kipande cha mbao cha sentimita 2 hivi mbele yake, mwenzio akanyage pedeli polepole. Upepo wa kompresa huirusha kama risasi. Vidole vikiwa mbele, vimekwenda.

Watu wengi hawajui kwamba hakuna springi ya kurudisha pistoni. Ni ile sili ya mraba, pete ya mpira inayoizunguka: ukikanyaga inajipinda, ukiachia inajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo. Mpira wa vumbi ukichanika, maji huingia, kutu hujaa kwenye mfereji wa sili, na sili hubana pistoni. Kwa hiyo kubadilisha sili bila kusafisha mfereji ni kazi bure. Uchokoe kwa kijiti, si bisibisi. Osha kwa spiriti au mafuta ya breki. Petroli na dizeli huharibu mpira.

Kutu kidogo kwenye ukuta wa silinda si hoja, msasa laini unatosha. Pistoni yenye vishimo ndiyo ya kutupa, maana sili inateleza juu yake. Ukiipiga msasa unaondoa kromu. Lowesha sili mpya na pistoni kwa mafuta ya breki, isukume kwa vidole ikiwa imenyooka. Ikigoma, sili imekaa vibaya; nyundo haihusiki.

Malizia kwa kutoa upepo, ukitumia mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki lililo ndani ya boneti. Yaliyotoka usiyarudishe: mafuta ya breki hufyonza unyevu, na unyevu ndio unaoleta kutu ya ndani.

Nunua kalipa nyingine iwapo nipo imekatikia ndani au tundu la pini limelika.

SWALI: Nimeweka pedi za nyuma lakini pistoni hairudi hata kwa klempu. Imekwama? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kama breki ya mkono inavuta kalipa hiyo hiyo, acha klempu kabla hujavunja utaratibu wa ndani. Pistoni hiyo hurudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, nyingi kwa kufuata saa. Ikiwa pedi ya ndani ina kichomozo mgongoni, simamisha pistoni pale mkato wake unapolingana nacho.