Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu

Mwaka nilipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu, hapa Masasi, nilishika kila kitu. Ufunguo wa stoo kwangu, daftari la michango kwangu, fundi akitaka misumari anipigie mimi. Msimu wa korosho ulishaanza, malipo ya minada yanaingia, waumini wanatoa. Nilihofia pesa isipotee.

Desemba nikaenda msibani Mtwara mjini. Usiku mvua ikapiga, bati la stoo likavuja. Vijana wa kwaya walifika na maturubai, wakakuta kufuli. Niliporudi, mifuko 14 ya saruji ilikuwa imeganda, ukiigonga inalia kama jiwe.

Siku hizo baba mkwe alikuwa amekuja kutoka Newala. Ni Muislamu, mtu wa maneno machache. Alikaa barazani akinitazama nikipokea simu moja baada ya nyingine, ugali unapoa. Mwisho akauliza, "Mkwe, huko kanisani kwenu hakuna watu wengine?"

Nilicheka, lakini usiku nikafungua Kutoka 18. Musa anaamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, na anayemwambia jambo hilo si jema ni baba mkwe wake, Yethro, kuhani wa Midiani. Haya ilinishika! Kila nilipofundisha sura hiyo nilisema Yethro alimhurumia Musa asichoke. Kumbe mstari wa 18 unataja pia watu walio pamoja naye. Waliosimama kutwa wakingoja zamu nao walikuwa wanaishiwa nguvu, kama wale vijana na maturubai yao.

Yethro akamshauri Musa aweke wakuu wa elfu, mia, hamsini na kumi: sisi tuliokua na mabalozi wa nyumba kumi tunaelewa haraka. Kazi iko kwenye sifa. Wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe wakweli, wachukie mapato ya udhalimu. Kwetu kamati tunaipanga kwa kuangalia nani kauza korosho nyingi, halafu tunashangaa.

Ufunguo nilimpa mama mmoja muuza mihogo, ambaye hata deni la shilingi mia halali nalo. Nikaharibu tena: kila mfuko ukitoka, anipigie kwanza. Nikarudi mstari wa 22: makubwa wamletee Musa, madogo waamue wenyewe. Mimi nilimpa mzigo, ruhusa nikabaki nayo.

Tukakubaliana, mifuko mitano kushuka chini anaamua yeye. Ikizidi, watu watatu wasaini. Na hofu yangu ya pesa? Someni 2 Wakorintho 8. Paulo hakutaka mchango wa waumini maskini wa Yerusalemu uwe mikononi mwake peke yake, mtu asije akamlaumu.

Baba mkwe alirudi baada ya Pasaka. Tulikaa barazani mchana kutwa, simu ikalia mara moja tu. Alikuwa mke wangu, yuko sokoni, anauliza kama tumeshawasha mkaa.