Unahama na unategemea intaneti? Kaangalie nguzo kabla hujalipa kodi

Mkuu, umeuliza kama ukihama Tabata kwenda Goba mwisho wa mwezi uhamishe faiba yako (ile intaneti ya waya unaopitisha mwanga) au uanze upya na kampuni nyingine, maana unafanyia kazi nyumbani na bosi hataki kusikia habari za mtandao kukata. Njia hiyo nimeipita. Nilihama Sinza kuja huku huku Goba Aprili 2024, nikakaa zaidi ya wiki tatu bila faiba. Nusu ya kosa lilikuwa lao, nusu langu.

La kwangu ni kwamba nilianza kuuliza habari za intaneti nikiwa nimeshatoa kodi ya miezi sita na hela ya dalali. Hapo huna tena pa kushikia. Dalali nilikuwa nimemuuliza, akanijibu, "Mtandao huku wa kumwaga, kaka." Kumbe alimaanisha simu yake inashika 4G pale getini. Huduma kwa wateja nao wakasema eneo limeshafikiwa. Hawakudanganya, waya wao ulikuwa unapita barabara kubwa. Ila eneo kufikiwa ni jambo moja, na nyumba yako kufikiwa ni jambo lingine.

Faiba nyingi za majumbani zinakuja hivi: waya mmoja unatoka kwa kampuni unafika kwenye kiboksi juu ya nguzo, humo mwanga unagawanywa, kila nyumba inapewa tundu lake. Matundu yakiisha, yameisha. Kiboksi cha mtaani kwetu kilikuwa na matundu manane na yote yana wenyewe. Fundi alipanda ngazi, akafungua, akachungulia kama dakika moja, akashuka. "Hiki kimejaa, bosi. Mpaka waongeze kingine." Kuongeza kingine ndiko kulikokula hizo wiki tatu.

Kwa hiyo wewe nenda mtaa huo mchana kabla hela haijatoka mfukoni. Angalia juu ya nguzo kama kuna kiboksi na ni cha nani. Kisha bisha hodi kwa jirani. Usimuulize kama ana intaneti, muulize anatumia kampuni gani na saa mbili usiku inakuwaje, kwa sababu asubuhi kila kampuni ni nzuri. Ukimaliza, watumie kampuni lokesheni ya nyumba na uwaulize swali moja tu: kiboksi cha karibu kina tundu wazi? Wakujibu kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Wa kwangu alinijibu kwa simu, na baadaye hakupatikana mtu aliyekumbuka maneno hayo.

Mwenye nyumba naye muulize mapema. Wangu ni mama mmoja mstaarabu sana, lakini alipoona drili alisimama mlangoni: "Mwanangu, ukuta huu nimepaka rangi juzi tu." Tukapitisha waya kwenye tundu la zamani la dishi, yakaisha.

Sasa swali lako lenyewe. Kampuni yako ikiwa na tundu wazi kule, hamisha. Huna haja ya kuanza kusajiliwa upya na namba ya NIDA kama mgeni. Kama haina tundu, chukua ile jirani anayoisifia, hata kama spidi yake kwenye tangazo ni ndogo. Kwa vikao vya video na kutuma mafaili, 20 Mbps iliyotulia inatosha kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kukimbilia namba kubwa, nimeacha. Chochote utakachoamua, ya Tabata usiikate mpaka ya Goba iwake. Utalipia mbili kwa wiki kadhaa, inauma, ila pa kwenda kufanyia kikao utakuwa napo.

Wiki zile tatu niliishi kwa ruta ya laini ya simu. Kabla hujainunua, azima laini za mitandao tofauti, ingia nazo ndani ya nyumba yenyewe, pima spidi usiku, chumba kwa chumba. Kwangu, sebuleni ilikuwa inasuasua, lakini kwenye dirisha la chumba cha watoto linalotazama mnara ikawa inakwenda vizuri. Basi ofisi ikahamia kwa watoto.

Faiba ilifungwa Ijumaa tarehe 10 Mei. Na hapa usimwache fundi aondoke haraka. Alipomaliza, kitaa kilichoandikwa LOS, yaani mwanga haufiki, kilikuwa kinawaka chekundu. Akachomeka kipimo chake kidogo cha nguvu ya mwanga, kikasoma -31 dBm. Akatikisa kichwa, akarudi kuufuata waya kwa vidole mpaka dirishani, akakuta tumeukunja kwenye kona ili upendeze. Faiba ikikunjwa vile mwanga unavuja. Akaulegeza ukawa duara pana, akasafisha kichwa cha waya, akapima tena: -21. Taa nyekundu ikazima. Ukiwa chini ya -27 hivi uko pabaya, kwa hiyo mwombe akuonyeshe namba hiyo na uipige picha.

Jumapili, siku ya pili tu ya raha yangu, intaneti ikafa. Nikampigia fundi kwa hasira. Akacheka: "Taa ziko vipi?" Kijani zote. "Basi si mimi, bosi. Hata mimi sina." Kumbe siku hiyo nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimepata hitilafu, nchi nzima inalia. Tangu hapo naangalia taa kwanza: LOS ikiwa nyekundu tatizo ni waya unaokuja kwako, zikiwa kijani na hakuna kitu, mara nyingi tatizo liko mbali na waya wako.

Mengine madogo. Ruta mpya ipe jina na nywila zile zile za Wi-Fi ya zamani. TV na simu za nyumba nzima zitajiunga zenyewe. Tafuta kibetri cha ruta cha volti 12, kwa sababu kile kiboksi cha nguzoni kwa kawaida hakihitaji umeme, hivyo TANESCO wakikata kwako mara nyingi bado unaendelea na kazi.

Ile ruta ya Sinza niliirudisha mwenyewe ofisini kwao na nikadai karatasi ya kupokelewa na ya kufunga akaunti. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu kwamba nadaiwa bili na ruta sijarudisha. Nikawatumia picha ya zile karatasi. Hawajapiga tena.