Maswali na majibu: kisu kidogo cha kutembea nacho

Tangu mvua zianze, maswali ya visu yamezidi ya mapanga na majembe. Karibu wote mnataka kitu kimoja: kisu kifupi, kisichokunjwa, kisichovunjika ovyo, cha kuwa nacho kutwa nzima. Nimechagua maswali saba. Walioniuliza bei mnisamehe, maana bei ya soko la Mwanjelwa ya Jumatatu si ya Ijumaa.

Kisu changu cha kukunja kimelegea kwenye kiungo. Kila nikikata kamba za magunia ya viazi kinataka kunifungia kidole. Nikichukua kisichokunjwa, kiwe na ukubwa gani? (Mkulima, Uyole)

Kaka, hicho cha kukunja kipumzishe leo hii, kabla hakijakula kidole. Chukua kisu chenye bapa la sentimita 8 hadi 10. Urefu huo unakata kamba, unamenya, unachonga kigingi na unachinja kuku. Kikizidi hapo utaanza kukiacha nyumbani kwa sababu kinakuchoma kiunoni kila ukiinama shambani.

Sasa unene, ambao ndio unawapoteza wengi. Mtu akisikia "kisu kigumu" anawaza kisu kinene, ananunua bapa la milimita 5, halafu anashangaa kiazi kinapasuka badala ya kukatika. Milimita 2.5 hadi 3 mgongoni zinatosha kabisa. Ugumu wa kisu usiutafute kwenye unene, utafute ndani ya mpini. Geuza kisu uangalie ukingo wa mpini: ukiona chuma kinapita katikati ya vipande viwili vya mbao mpaka mwisho, na ribiti zimekishika, hicho hata ukigonge mgongoni kwa gogo hakitachomoka. Vile ambavyo chuma chake kinaingia mpinini kama kijiti tu ni vya kuchunguza zaidi. Sisemi vyote ni vibaya. Visu vya Mora vya Uswidi, ambavyo mafundi wengi duniani wanavitegemea, vingi havina chuma kinachofika mwisho wa mpini, ila mpini wenyewe umeshikwa vizuri na kazi ya kawaida vinaimudu. Cha kuogopa ni kile cha bei rahisi chenye kijiti kilichobandikwa kwa gundi.

Na kabla hujalipa, lowesha mkono ukishike. Asubuhi za Juni na Julai hapo Uyole vidole vinakufa ganzi, na mpini laini usio na kizuizi mbele utakuachia kiganja kiteleze mpaka kwenye makali. Vidole vyote vinne vikae, na pawe na kituta au mbonyeo wa kuzuia kidole cha shahada.

Kamwene. Mimi ni mgema ulanzi. Kisu cha stenlesi kinakuwa butu upesi, cha chuma cheusi kinashika kutu. Nifuate kipi? (Kilolo)

Kamwene. Wewe fuata cheusi, wala usisite.

Kazi yako ni ya kukata kijipande chembamba kwenye ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi, ukarudi jioni ukakata kingine, hivyo hivyo msimu mzima. Kisu butu hakikati chipukizi, kinaliponda, na sehemu iliyopondwa haitoi ulanzi vizuri. Kwa hiyo unachohitaji ni makali membamba unayoweza kuyarudisha kwa dakika mbili juu ya kinoo, na hapo chuma cheusi, yaani cha kaboni, hakina mpinzani.

Ila stenlesi isionewe. Kinachoizuia isipate kutu ni kromiamu, ambayo huanzia kama asilimia 10.5 ya chuma chote. Ubutu unaousema hautoki kwenye kromiamu. Visu vingi vya jikoni vya bei ya chini hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo na huachwa laini, basi makali yanajikunja badala ya kukaa. Ipo stenlesi nzuri. Ukikuta kisu kimechongwa maandishi 12C27, hicho kina kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu zaidi ya 13, na kinanoleka vizuri. Kukipata Iringa mjini ndiyo kazi.

Kuhusu kutu: kisu cha kaboni kitapata madoa ya kijivu na bluu kutokana na utomvu na matunda. Hayo yaache, hayana ubaya, tena yanapunguza kutu kidogo. Ya kuondoa ni ile nyekundu. Sugua kwa jivu na kitambaa chenye unyevu, kausha, paka mafuta ya kula kiasi cha kung'aa tu. Ukipaka mengi yanaganda na kunata, hasa ya alizeti.

Kuna fundi huku kwetu anachonga visu kwa springi za gari na kwa misumeno. Nitajuaje kama kazi yake ni nzuri? (Mafinga)

Nchi yetu hii ya Nyanda za Juu haijaanza jana kufua chuma. Wakinga walijulikana kwa majembe yao, na Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri ndefu za udongo. Kwa hiyo sishangai kusikia kuna fundi, na ningekushauri umwendee kabla ya kununua kisu cha dukani. Lakini nenda ukiwa na maswali.

La kwanza: springi hiyo ni mpya au imetoka kwenye gari? Chuma cha springi ni kizuri sana kwa kisu, kina kaboni ya kutosha na hakivunjiki kirahisi. Ila springi iliyobeba magogo ya Sao Hill miaka kumi inaweza kuwa na ufa usioonekana, na ufa huo utauona siku kisu kikivunjika. Kipande kipya ni salama zaidi.

La pili, anakipashaje? Hapa omba ukae utazame. Fundi anayejua atakitia kwenye mkaa na kuvuta mivuo taratibu mpaka chuma kiive chekundu, kisha atakisogeza kwenye sumaku. Kikiwa bado kinanasa, anakirudisha motoni. Kikiacha kunasa, anakipa moto kidogo zaidi na kukizamisha kwenye oili ya uvuguvugu, ncha ikitangulia, bila kukiyumbisha pembeni. Kisha anachukua tupa na kuipitisha kwenye makali: inateleza na kulia, haing'ati. Hapo kisu ni kigumu lakini kinavunjika ukikidondosha sakafuni. Ndiyo maana lazima akipashe tena, moto mdogo wa kama nyuzi 200 za Selsiasi, kwa saa nzima au zaidi, mpaka chuma kilichosuguliwa kionyeshe rangi ya manjano. Fundi anayezamisha kwenye maji na kukukabidhi hapo hapo anakuuzia nusu ya kisu. Maji hupoza chuma cha springi kwa ghafla kupita kiasi, na ufa mwingi huzaliwa ndani ya ndoo.

Misumeno ni habari nyingine. Msumeno mdogo wa mkono wa siku hizi mara nyingi una meno magumu tu, mgongo ni chuma laini, haufai. Msumeno mpana wa mashine uliotengenezwa kwa chuma kigumu chote hutoa kisu kikali ajabu, lakini tayari umeshapashwa kiwandani. Fundi asiutie motoni. Ausage taratibu huku akiuchovya kwenye maji, na wewe usiutumie kubandua wala kukongoa, utavunjika.

Jaribio la mwisho lifanyie kwake kabla ya kutoa hela. Chonga fundo kavu la mlingoti (mkaratusi) mara kadhaa, kisha elekeza makali kwenye mwanga. Makali mazima hayaonekani. Ukiona mstari unaometameta, yamejikunja au yamemeguka. Yaliyojikunja, chuma ni laini. Yaliyomeguka, hakikupashwa mara ya pili.

Shikamoo. Nimeona kisu cha komandoo, mgongoni kina meno ya msumeno na ndani ya mpini kuna dira na ndoano. Ninunue? (Bodaboda, Makambako)

Marahaba. Hapana. Mpini wenye tundu la kuwekea dira hauna nafasi ya chuma kupita ndani mpaka mwisho.

Huku Tukuyu mvua haiishi. Ala ya ngozi inaozesha kisu. Nifanyeje?

Ndaga kwa swali. Ngozi inanyonya maji na kuyahifadhi, na kisu kikilala humo usiku mzima asubuhi kina kutu. Kwa Rungwe mimi naona ala ya plastiki, na hauhitaji kuinunua. Chukua kipande cha bomba la maji la plastiki, kipasue kwa urefu, kipashe juu ya makaa, mbali na moto wenyewe na nje ya nyumba, maana kikiungua moshi wake ni sumu. Kikilegea, kifunue, kikunje kuzunguka kisu ulichokiviringa kwa kitambaa chepesi, bana katikati ya mbao mbili na ukalie mpaka kipoe. Toboa tundu chini maji yatoke. Isibane makali, ibane pale bapa linapokutana na mpini, kiasi kwamba ukigeuza ala juu chini kisu kisidondoke.

Nasafiri Mbeya na Dar kibiashara. Nikiwa na kisu kwenye mkoba nitakuwa na kosa? (Mama wa nguo, Kabwe)

Mama, Kanuni ya Adhabu inalenga anayebeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kidogo kilicho ndani ya ala, chini ya mkoba, pamoja na kamba na mizigo yako, kina maelezo yake. Hicho hicho kikining'inia kiunoni stendi usiku hakina. Kwenye ndege pale Songwe kiweke kwenye begi la kukabidhi, usithubutu kuingia nacho mkononi.

Nabebesha miche ya parachichi. Naweza kutumia kisu hicho hicho cha kutembea nacho, na nikinoeje? (Dada wa kitaluni, Njombe)

Dada, usitumie. Kisu cha kubebeshea wengi hunoa upande mmoja tu, upande wa pili unabaki bapa kabisa, ili mkato wa kikonyo, yaani kile kitawi unachobebesha, uwe umenyooka na ulale vizuri juu ya shina. Kisu cha kawaida kina makali pande mbili na kitakupa mkato wenye tumbo. Tena hicho unakatia kamba zenye udongo, halafu unataka kukipeleka kwenye kidonda cha mche! Kiwe chake peke yake, na ukifute kwa spiriti unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Kunoa: kwa kile cha kutembea nacho, bapa lenye upana wa sentimita 2.5 inua mgongo milimita 8 hadi 9 juu ya kinoo, hapo umepata pembe ya kama nyuzi 20. Sukuma kama unataka kukwangua kinoo chenyewe, upande huu na ule kwa hesabu sawa. Huna kinoo, gundisha msasa namba 400 kwenye kipande cha kioo, umalizie na namba 1000, ila kwenye msasa vuta kisu kuelekea mgongoni, usiusukumie makali utauchana. Cha kubebeshea kinoe upande mmoja, ule wa pili ukilaze kabisa na kuupitisha mara moja au mbili kutoa manyoya, yaani uzi wa chuma uliojikunja makalini. Na wale wanaonoa mtaani kwa grainda uwapelekee panga. Makali membamba yakigeuka bluu pale kwenye jiwe, yameshalainika, itabidi usage sehemu hiyo yote mpaka ukifikie chuma ambacho hakikuungua.