Pampu ya maji inavuja: lile tundu usilizibe

SWALI: Fundi, salamu. Mashua yetu ya tanga ina injini ndogo ya dizeli, silinda 2, tunayowasha upepo ukikata kati ya Bukavu na Idjwi. Pampu inayovuta maji ya ziwa imefungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe, haina mkanda. Inadondosha maji kwenye katundu kadogo chini yake. Nimebadilisha sili, pete ya mpira inayozuia maji kwenye shafti, mara 2, kila mara inakaa wiki 3 tu, halafu maji yanaanza tena. Jirani anasema nijaze silikoni kwenye tundu, mambo yaishe. Nifanye hivyo?
Msomaji wa Muhumba, Bukavu

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Tundu hilo usiliguse, labda kulizibua kwa waya likijaa uchafu. Ndani ya pampu mna sili 2 zilizopeana migongo: moja inazuia maji upande wa impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa; nyingine inazuia oili ya injini. Tundu liko katikati yao ili kinachopenya kitoke nje. Likidondosha maji, sili ya maji imechoka. Likidondosha oili, ni ile ya pili. Ukiliziba, maji yatasukuma sili ya oili mpaka yaingie kwenye injini. Chomoa kijiti cha oili leo hii: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena kabla ya kumwaga oili na kubadilisha chujio lake.

Sasa hizo wiki 3. Ugonjwa huenda uko kwenye shafti. Mdomo wa sili unasugua mahali palepale miaka na miaka, na maji yakiwa na mchanga mwembamba, kama ule mweusi wa lava wa ufukoni Goma, unachimbika mfereji. Sili mpya inakalia mfereji wa zamani, haibani.

Funga vali ya maji ya ziwa, vua mipira 2 ya kupitishia maji, toa pampu nzima uifanyie kazi mezani. Skrubu ikitumbukia kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya mashua, utaitafuta mpaka jioni. Kabla ya kufungua chochote, shika shafti utikise. Ikicheza, beringi zimekwisha, na juu ya shafti inayoyumba hakuna sili inayodumu. Hapo badilisha beringi na sili pamoja.

Fungua kifuniko, vuta impela kwa koleo 2, sawasawa pande zote. Bisibisi itakwangua nyumba ya pampu. Hesabu mabawa. Lililokosekana limekwama mbele, kwenye mpira au kwenye kipoza maji, na lazima litafutwe, la sivyo injini itachemka. Ondoa pete ya kubana, toa shafti, ifute, kisha pitisha ukucha kwa urefu wake. Ukucha ukiteleza, ng'arisha kwa msasa namba 600 uliolowa, ukizungusha kuifuata duara. Ukikwama, msasa hautasaidia kitu. Weka sili mpya milimita 1 au 2 mbele au nyuma ya pale pa zamani, ili mdomo upate chuma kizima, ila isifunike tundu. Nafasi ikikosekana, mpe fundi wa kukereza akutengenezee shafti mpya ya chuma kisichoshika kutu.

Vipimo viko kwenye sili yenyewe. Ikiandikwa 12-22-7, shafti ni milimita 12, nyumba 22, unene 7. Kwa upande wa maji dai yenye springi isiyoshika kutu. Ya kawaida ya gari springi yake itaoza. Upande wenye springi utazame kile inachozuia: ya maji ielekee impela, ya oili ielekee injini. Wengi huzigeuza upande mmoja zote mbili, wakalaumu duka.

Mdomo mpya hukatwa na ukingo wa shafti wakati wa kuingiza. Kata kipande cha chupa ya plastiki (Bukavu hazijawahi kukosekana, uliza wa bwawa la Ruzizi zinakojazana), kizungushe kwenye ncha ya shafti, paka grisi kidogo, telezesha, kisha kichomoe. Impela ipake gliserini au sabuni ya vyombo. Grisi ya petroli inaharibu mpira wake. Fungua vali kwanza, ndipo uwashe. Maji yasipotoka kwenye ekzosi ndani ya nusu dakika, zima, kwa sababu impela ikizunguka kavu inaungua. Tone moja mawili mwanzoni si kitu. Baada ya dakika 10 tundu liwe kavu.

SWALI: Kifuniko cha pampu kimechimbika upande wa ndani, na hapa Goma kipya sikipati.
Msomaji wa Himbi

JIBU: Kigeuze, upande wa nje uingie ndani. Kama nao una mikwaruzo au maandishi yaliyochongwa, bandika msasa namba 400 juu ya kioo, ulowe, usugue kifuniko kwa duara mpaka kiwe bapa. Gasketi iwe na unene uleule wa ya zamani. Ukikata ya katoni nene, impela itaacha mwanya na kifuniko, na pampu itashindwa kuvuta.