Ukija Tanga, usikate tiketi ya kurudi siku hiyohiyo

"Waja leo, waondoka leo." Ndivyo mji wetu unavyotaniwa, na wenyewe tunausema msemo huo tukicheka. Mimi unanikera kidogo, maana nimeona wageni wakiutii kama amri. Wanashuka stendi asubuhi, mbio mpaka Mapango ya Amboni, picha mbili tatu Raskazone, jioni wako njiani. Wakifika kwao wanasimulia kwamba Tanga imelala.

Haijalala. Ina mwendo wake, nao ni mwendo wa baiskeli. Mji ni tambarare, na huku baiskeli si chombo cha asiye na kitu: mwalimu anaendea kazini, mama wa makamo na baibui lake anaendea sokoni. Basi azima baiskeli, uingie Ngamiani. Mitaa ya kule ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Ukijua kuhesabu, hupotei. Kinachowapoteza wageni ni salamu.

Hilo nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Niliporudi baada ya miaka sita ya Dar es Salaam, niliingia dukani kwa mzee aliyenijua tangu sijaota meno, nikamwambia, "Nipe sukari kilo." Akakunja gazeti lake taratibu, akaniangalia. "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Sikuwa nimemwamkia! Nilisimama pale kama dakika kumi nikiulizwa habari za nyumba nzima, mpaka za paka, ndipo sukari ikapimwa. Siku hizi siulizi bei kabla ya shikamoo.

Jioni tafuta baraza lenye kahawa. Ni kahawa chungu, vikombe vidogo, kashata pembeni. Utaitwa "mgosi", yaani bwana, hata kama hawakujui, itikia tu. Kisha utachokozwa kwa mpira. Wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, watakusimulia ubingwa wa 1988 kana kwamba ulipatikana Jumamosi iliyopita. Wa African Sports, Wana Kimanumanu, wana majibu yao, na si mafupi. Ukiulizwa uko upande gani, sema wewe mgeni. (Mimi nina upande, ila siutaji hapa, shemeji zangu wanasoma.)

Chakula usikifuate hotelini. Baada ya magharibi akina mama hutoa meza na karai nje ya milango yao: mihogo, bajia, vitumbua, samaki wa kukaanga. Ukiona watoto wamepanga foleni na mabakuli, panga nyuma yao. Machungwa ya Muheza, yakiwa kwenye msimu, menyewa palepale barabarani, unyunyiziwe chumvi na pilipili. Na Ijumaa adhuhuri usipange shughuli ya haraka, utakuta milango mingi imefungwa, watu wako msikitini.

Mwaka jana rafiki yangu wa Dodoma alikuja kwa kazi ya siku moja, tiketi ya kurudi mfukoni. Siku ya tatu nilimkuta barabara ya 14, kashikilia baiskeli ya kuazima, bibi mmoja aliyeketi barazani anamhoji habari za watu wa kwao, mmoja baada ya mwingine. Hakuniona. Nikapita zangu.