Usikimbizane na Maji, Mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini rubani anayeongoza meli yenu mtoni aliwapunguzia mwendo huku maji yameshaanza kupwa. Ulidhani angekaza mwendo mtoke mtoni kabla hamjapwelewa. Hata mimi, kabla sijawa rubani, niliwaza hivyo.

Meli ikipita penye kina kidogo, maji hubanwa kati ya tumbo lake na matope ya chini. Hupita kwa kasi, nguvu yake ya kuibeba meli inapungua, nayo inadidimia. Mwendo ukizidi mara mbili, kudidimia kunazidi mara nne. Meli kubwa ya makontena katika njia nyembamba, kwa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa) inashuka kama nusu mita. Kwa noti 12 inakaribia mita mbili. Sasa kama chini ya mkuku, uti wa chini kabisa wa meli, imebaki mita moja na nusu, haraka ndiyo itakayowakwamisha.

Dalili utaziona: shetri, yaani nyuma ya meli, inatetemeka, meli inachelewa kuitika usukani, maji ya nyuma yanageuka rangi ya udongo. Tazama na ukingo. Maji yanavutwa, matope yanabaki wazi, kisha wimbi linarudi kwa kishindo. Mimi nikiona hivyo napunguza papo hapo.

Kwenye kona ndipo ninapoogopa zaidi. Meli yenye upana wa mita 59 ikilala digrii moja tu, upande mmoja unashuka nusu mita, na mabaharia hata hawahisi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nayo yana lake: meli ambayo tumbo lake limeingia majini mita 14 baharini, mtoni huingia sentimita 35 zaidi.

Kuingia kuna nafuu, maana maji yanayojaa hupanda mto na meli hupanda nayo. Wakati wa kutoka mnakutana na maji kupwa njiani, ndiyo maana saa ya kufungua kamba haichezewi. Ikiwapita, ngojeni maji mengine, hata kama gatini wanapiga kelele.

Februari 2016, meli ya makontena CSCL Indian Ocean, yenye urefu wa karibu mita 400, ilikwama mto Elbe, Ujerumani, njia ya kwenda bandari ya Hamburg. Matagi, meli ndogo za kuvuta, yaliivuta, ikagoma. Wakapunguza mafuta, wakachimba pembeni yake, na tarehe 9 maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, ndiyo yaliyosaidia kuinyanyua.

Safari ijayo mwombe rubani, kwa heshima, akuoneshe hesabu yake kabla hamjaondoka. Kisha niandikie chini ya mkuku mlibakiwa na sentimita ngapi.

Baba yako