Maswali ya Wasomaji: Je, Dawa za Kutia Kwenye Oili Huokoa Injini na Giaboksi Zilizochoka?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro. Ninamiliki Toyota RAV4 ya mwaka 2001, ile ambayo vijana huiita Miss Tanzania, yenye injini ya 1ZZ. Tangu mwaka jana injini inakula oili: kila baada ya kilomita elfu moja hivi hulazimika kuongeza lita nzima, na ninapokanyaga mafuta kupanda mlima moshi wa samawati hutoka nyuma. Fundi wangu ananishauri nitie chupa mbili za oili tritimenti na nihamie kwenye oili nzito ya namba 40. Muuzaji wa vipuri naye amenionyesha chupa nyingine ya unga laini ulioyeyushwa ambao, kwa maelezo yake, hufunika michubuko ndani ya silinda. Je, dawa hizi zinasaidia kweli?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Ushauri wangu ni kwamba usinunue chupa yoyote kati ya hizo kabla injini haijapimwa. Moshi wa samawati unakuambia kwamba oili inaungua pamoja na petroli, lakini haukuambii inapitia wapi, na njia zake ni zaidi ya moja na hazitibiwi kwa dawa moja.

Kwanza tuiangalie oili yenyewe. Oili unayonunua dukani si mafuta matupu. Kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90 yake ni mafuta ya msingi, na sehemu inayobaki ni kemikali ambazo kiwanda kimezichanganya: za kusafisha masizi, za kuushikilia uchafu usigande, za kuzuia kutu na povu, polima za kuizuia oili isiwe nyepesi mno inapopata moto, na mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojenga utando mwembamba pale chuma kinaposuguana na chuma. Kemikali hizo hugombea uso uleule wa chuma, na kwa hiyo uwiano wake hupimwa katika injini za majaribio kabla kopo halijaandikwa daraja la API, yaani alama ya kimataifa ya ubora wa oili. Anayemimina chupa nyingine juu yake anauvuruga uwiano huo bila kipimo chochote. Kuzidisha nako kuna madhara: fosforasi huiharibu katalisti ya ekzosi, yaani kifaa kinachosafisha moshi, na ndiyo sababu tangu daraja la API liitwalo SM lilipoanza mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08. Honda, katika vitabu vyake vya mwenye gari, imeandika kwamba magari yake hayahitaji viongezo vya oili na kwamba viongezo hivyo huweza kudhuru utendaji na uimara wa injini. Sioni sababu ya kudhani kwamba Toyota yako ni tofauti.

Sasa nije kwenye chupa ulizoelekezwa. Oili tritimenti, ile nzito inayochuruzika kama asali, kwa sehemu kubwa ni polima ya kuongeza uzito. Siwezi kukuambia kwamba haifanyi kitu, kwa maana utakapoitia moshi utapungua, kelele zitatulia na presha ya oili itapanda, nawe utaamini kwamba fundi alisema kweli. Kilichobadilika ni uzito wa oili tu. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinaendelea kulika, polima inakatwakatwa na mwendo wa injini, na baada ya muda dalili zinarudi zikiwa zimeongezeka. Ndiyo maana dawa hii hupendwa na baadhi ya watu wanaouza magari yaliyochoka: mnunuzi anapoingurumisha injini siku ya ukaguzi haoni moshi, na anakuja kuuona akiwa ameshalipa. Katika injini yako lipo tatizo jingine. Mfumo wa VVT-i unaobadilisha majira ya valvu unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo, na oili iliyofanywa nzito kupita kiasi huchelewa kufika huko, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi, ambao ndio wakati chuma kinapolika zaidi.

Chupa ya pili, ile ya unga, inanisumbua zaidi kwa sababu ahadi yake ni kubwa zaidi. Silinda iliyolika imepoteza chuma, na nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na ukuta haizibwi na unga unaoelea ndani ya oili. Chukua mfano wa PTFE, kitu kilekile kinachopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Kiwanda cha vikaango huioka katika joto linalozidi nyuzi 327 za Selsiasi, ambapo ndipo inapoyeyuka na kushikamana na chuma, ilhali oili ndani ya sampu, yaani karai lililo chini ya injini, hufanya kazi katika nyuzi 90 hadi 130 hivi. Haiwezi kushikamana na ukuta wa silinda kwa namna hiyo. Marekani, dawa iliyovuma sana ya aina hii iliitwa Slick 50. Mwaka 1996 Tume ya Serikali Kuu inayosimamia haki katika biashara iliishtaki kampuni iliyoiuza kwa kutoa madai yasiyo na ushahidi kuhusu uchakavu wa injini, na mwaka 1997 shauri likaisha kwa makubaliano ya fidia kwa wateja iliyofikia dola milioni 10. Nalitaja shauri hilo kwa sababu madai yaliyokatazwa kule yanafanana sana na yale tunayoyasikia kwenye maduka ya vipuri huku kwetu. Vilevile, usishawishike na kimashine cha maonyesho ambacho chuma kinakandamizwa kwenye gurudumu linalozunguka mpaka kinakwama, kisha dawa ikitiwa hakikwami tena. Jaribio hilo linapima kitu kimoja tu, yaani msuguano chini ya mgandamizo mkali, na hata dawa ya kufulia yenye klorini hulifaulu, ingawa hakuna mtu mwenye akili ambaye angeitia kwenye injini yake.

Nini kifanyike? Mwambie fundi aanze na valvu ya PCV, ile ndogo inayoipumulisha injini. Ikiziba, presha hujaa chini ya pistoni na kuisukuma oili ipite kusikotakiwa, na kuisafisha au kuibadilisha ni gharama ndogo sana. Kisha apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa, ya kila silinda ikiwa kavu, aandike tarakimu, amimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, apime tena. Kompresheni ikipanda sana baada ya oili, tatizo ni ringi; isipopanda, atazame valvu. Nawe unaweza kumsaidia kwa kuangalia moshi: ukitoka kwa wingi unapowasha gari asubuhi kisha ukapotea, shuku sili za valvu, ambazo zinaweza kubadilishwa bila kuipasua injini yote. Moshi unaotoka wakati wa kukanyaga mafuta, kama wako, mara nyingi huelekeza kwenye ringi.

Hapo lazima niitaje historia ya injini yenyewe. 1ZZ za mwanzo, zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya takriban mwaka 2002, zilikuwa na pistoni zenye vitundu vidogo mno vya kurudishia oili. Vitundu hivyo huziba kwa masizi, ringi za oili zikaganda kwenye mifereji yake, na injini ikaanza kula oili hata kabla kuta za silinda hazijalika. Ikiwa kompresheni yako ni nzuri na bado oili inapungua, yawezekana hilo ndilo lililokupata, na hapa nakiri kwamba kemikali ya kusafisha ina nafasi, ingawa si ile uliyoonyeshwa. Njia ninayoiamini ni kutumia oili bora yenye kemikali nyingi za kusafisha na kuibadilisha mapema, kila kilomita 3,000, kwa mizunguko kadhaa, pamoja na filta yake kila mara. Dawa kali za kusafisha kwa dakika kumi siziungi mkono kwa injini ambayo hujui ilitunzwaje huko ilikotoka, kwa kuwa tope la miaka mingi likibanduka kwa mkupuo huweza kuziba chujio la pampu ya oili na kuiua injini siku hiyohiyo.

Kuhusu uzito wa oili, fundi wako hajakosea kabisa. Kwa injini iliyochoka, katika joto la Morogoro, kupanda kutoka 5W-30 hadi 10W-40 ni jambo la busara. Namba 40 peke yake, isiyo na W (namba yenye W huonyesha uzito wa oili injini ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto), ni hatua iliyozidi. Zipo pia oili zinazotengenezwa kwa magari yaliyotembea sana, ambazo ndani yake zina kemikali ya kulainisha sili za mpira zilizokakamaa, na huweza kupunguza mvujo mdogo polepole, ingawa sili iliyochanika haitarudi. Ukitaka kufanya jaribio la chupa, basi lifanye kwa oili hiyo kamili badala ya kuongeza kitu juu ya oili.

Neno moja la kukutuliza, Mwalimu: lita moja kwa kilomita elfu ni ulaji mkubwa, lakini wapo watengenezaji wa magari ambao bado huuhesabu kuwa ndani ya mpaka wanaoukubali. Kama uendeshaji wako ni wa mjini na si wa kila siku, kuongeza oili huenda kukakugharimu kidogo kuliko kuifungua injini hiyo, ambayo kuta za silinda zake ni nyembamba na hazichongwi kirahisi. Kitakachoiua haraka ni kuiacha ikauke, kwa hiyo pima kiwango kwa kijiti kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

SWALI: Ninafanya biashara ya teksi Mombasa kwa Toyota Fielder ya mwaka 2013. Nikiweka D gari huchelewa kushika, na linatetemeka ninapoanza kuondoka. Fundi aliongeza oili nyekundu kidogo, na sasa anataka kutia dawa ya giaboksi ili iteleze vizuri. Nikubali?

JIBU: Dada yangu, tafadhali usikubali, na hata ile oili nyekundu itolewe mapema iwezekanavyo. Fielder ya mwaka huo iliyo otomatiki ina giaboksi ya CVT, ambamo mkanda wa chuma hubanwa kati ya puli mbili, na nguvu zote za injini hupita kwa msuguano wa mkanda huo. Oili yake imetengenezwa ili ilainishe na wakati huohuo iuache mkanda ushike. Dawa ya kuongeza utelezi inafanya kinyume cha kile giaboksi inachohitaji: mkanda ukiteleza hukwaruza puli, na puli ikishakwaruzwa hakuna oili itakayoirudisha. Oili nyekundu ya otomatiki za kawaida, ile ambayo wengi huiita haidroliki, nayo si mahali pake hapo. Toyota ina oili maalumu za CVT, ziitwazo TC na FE kulingana na giaboksi, na ni lazima iwekwe ile iliyotajwa kwa gari lako.

Kumwaga mara moja hakutoi oili yote, kwani nyingi hubaki ndani ya tokonveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, na mifereji. Fundi amwage, ajaze oili sahihi, uendeshe kidogo, kisha arudie mara mbili au tatu, na kila mara kiwango kipimwe katika joto lililoelekezwa na mtengenezaji. Mwambie pia aifungue sampu, asafishe sumaku zilizomo na akuonyeshe kilichonaswa. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vina maana kwamba uharibifu umeanza, na hapo fedha yako iende kwenye giaboksi nyingine iliyokaguliwa.

Kwa otomatiki za zamani zenye gia nne mambo yana unafuu kidogo. Huko zipo dawa za kurekebisha msuguano zinazopunguza mtetemo, na za kulainisha sili zinazoweza kuharakisha gia iliyochelewa. Hata hivyo nimeona kwamba oili mpya ya aina sahihi, kama Type T-IV kwa Toyota nyingi za wakati huo, hufanya kazi hiyohiyo na kwa muda mrefu zaidi. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi zimekwisha, na chupa haina msaada tena.

SWALI: Ninabeba mboga kwa pikapu ya Hilux ya zamani, gia za mkono, kutoka Lushoto kwenda Tanga. Asubuhi gia ya pili inakataa kuingia, lakini gari likipata moto inalainika. Nitie tritimenti ya giaboksi?

JIBU: Kaka, maelezo yako yanaonyesha zaidi oili nzito mno kuliko giaboksi mbovu. Ndani mna pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa meno kabla gia haijaingia, nazo lazima zikate utando wa oili ndipo zishike. Katika baridi ya Lushoto, oili ya namba 140 inayowekwa na gereji nyingi hugoma kukatika, na tritimenti itaufanya utando huo kuwa mzito au wenye utelezi zaidi. Iondoe, uweke 75W-90 ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kikitaja GL-4, usiweke GL-5 ya difu, kwa sababu kemikali zake ni nyingi zaidi na baadhi yake hushambulia shaba. Ikiwa baada ya hapo gia ya pili bado inasaga hata gari likiwa la moto, pete zimelika na zinahitaji kubadilishwa. Mpaka zibadilishwe, shusha mlima ukiwa umeiingiza gia hiyo mapema, gari likiwa bado polepole.